Mtungi Nilioingiza Ndani

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema nisije nikajipamba mbele yenu. Kijijini kwetu, ukitoka Kharumwa ukavuka mbuga nyeusi, wanajua nikishika jambo siliachii, na kwenye mkutano wowote watu wananitazama mimi kwanza, waone nimekunja uso au nimecheka.

Siku hizi habari zote ziko kwenye simu, lakini barua hazijaisha. Za ardhi, za mahakama, za shule, bado zinakuja kwa karatasi. Za binti yangu pia. Yuko unovisi kwa masista, upande wa Ushirombo, na wanovisi wa pale hawashiki simu. Kwa hiyo kwa miaka miwili maneno ya mwanangu yalinifikia ndani ya begi la turubai, nyuma ya baiskeli ya mtu mmoja.

Alikuwa mtu mzima wa rika langu, mrefu, na shati lake la kazi lilikuwa limepauka mabegani kwa jua. Akifika kwenye ua wa minyaa alishuka, akaikokota baiskeli hadi mlangoni. Alisema si adabu kumfikia mjane ukiwa umekaa juu ya tandiko.

"Mwadila, mayu," alikuwa akinisalimu kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama.

"Salama, mtu wa barua. Umechelewa, au umekaa mahali unazisoma?"

Alicheka kila mara, kana kwamba hajawahi kuusikia utani huo.

Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, mbuga ile si ya kupita mtu. Udongo unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Mti hakuna. Hata ng'ombe wanarudishwa kabla ya saa sita. Kiangazi kile cha kwanza alinifikia siku moja midomo imechanika, akanipa barua ya binti yangu, akasimama. Hakuomba kitu. Wanaume wa kwetu wa umri ule hawaombi maji, wanangoja wapewe. Nilimpa kata moja, ya pili, ya tatu, zote akazimaliza. Loo, niliona aibu, kwa sababu alikuwa ameshakuja kwangu mara ngapi na mimi nimekazana kusoma barua tu!

Nikatoa mtungi wangu mdogo, nikauweka nje chini ya upenu, kata juu yake. Nikamwambia, "Huu ni wako. Hata nikiwa shambani, kunywa, usiniulize."

"Wabeja, mayu," akasema. Asante.

Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, nilikuwa naujaza kabla sijaenda popote.

Ndipo zikaja habari za mgodi wa dhahabu ulio jirani yetu. Walisema mipaka itasogezwa, na wenye mashamba upande wetu wataletewa barua za kuhama. Aliyeiona barua hata moja hakuwepo, lakini hofu haikungoja. Kaburi la mume wangu liko nyuma ya zizi langu, na ukiwa jikoni unaliona. Nilisikia moto kichwani.

Tulikuwa kwenye mashine ya kusaga, foleni ndefu, kila mtu anasema lake. Mimi nikapaza sauti. Nikawakumbusha jinsi tulivyolelewa: mjumbe wa posa akifika nyumbani, hapewi maji haraka haraka. Ukimpa maji, umekubali kusikia alichotumwa. Ukimwacha na kiu, ameshajibiwa, ageuze arudi kwa waliomtuma. "Basi na huyu mtu wa barua ni mjumbe," nikasema. "Tusimfungulie, tusimpe maji. Barua itarudi ilikotoka."

Watu wakanipigia makofi. Jamani, nilijiona nina akili!

Jumanne iliyofuata alikuta kijiji kizima kimefunga milango. Mtungi nilikuwa nimeshauingiza ndani. Alibisha, akasalimia, akabisha tena. Barua za ardhi lazima mwenyewe asaini kwenye daftari, hawezi kuichomeka mlangoni akaenda zake. Akaondoka. Ijumaa akarudi, ikawa vile vile. Nilimwona kwenye ufa wa mlango akitazama pale chini ya upenu, akatazama mlango, akavaa kofia yake. Nilijua kwamba ameelewa, maana naye amelelewa kama sisi. Roho iliniuma kidogo, nikajiambia mbona ana miguu, aende kwingine.

Jumanne ya pili jua lilikuwa la kuua. Mabati yalikuwa yanalia. Nilimwona anatokea kwenye minyaa, na siku hiyo hakuikokota baiskeli, aliiegemea. Alikwenda moja kwa moja chini ya upenu. Palikuwa pamebaki duara tu, ardhi ngumu iliyoshindiliwa ambapo mtungi ulikuwa ukikaa. Aliinama akapapasa lile duara kwa kiganja.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulitegemea. Aliomba.

"Mayu," akasema, mdomo karibu na mlango. "Barua nitarudi nayo. Sikupi. Naomba maji tu."

Mtungi ulikuwa pembeni yangu, umegusana na mguu wangu, wa baridi. Ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeujaza asubuhi, kwa mazoea, kwa kuwa ni Jumanne. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Nikawaza kaburi la mume wangu, nikawaza wale walionipigia makofi, wataniambia nini wakiniona natoa kata. Nikakaza roho, sikufungua.

Alingoja. Siwezi kusema ni muda gani, lakini alingoja. Halafu nikasikia mnyororo wa baiskeli.

Saa tisa wachunga ng'ombe walimkuta katikati ya mbuga, baiskeli imemlalia mguu. Wakampakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mtu wa kumshika, wakampeleka hospitali.

Kesho yake nilikwenda. Njia nzima nilikuwa nawagombeza watu kichwani: ofisi iliyomtuma, mgodi, jua, majirani zangu waliokosa akili za kunipinga. Nilipofika nilimkuta amelala, dripu mkononi, na mke wake amekaa chini akimpepea kwa kipande cha boksi. Tulikuwa hatujuani. Nikamwambia natoka ng'ambo ya mbuga.

Akainuka. "Mungu wangu! Ndiye wewe, mama wa mtungi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu miaka yote alikuwa anabeba dumu la maji, ingawa kiangazi lilimwishia njiani," akasema. "Tangu ulipomwekea mtungi, akaliacha nyumbani. Ananiambia, mke wangu, begi lenyewe zito, na katikati ya njia kuna mama ananiwekea maji. Juzi Ijumaa karudi na homa, nikamwambia chukua dumu lako. Akasema hapana, mama yule labda alisafiri, atakuwa amesharudi." Akanishika mikono yote miwili. "Ulisafiri, eh? Pole na safari, mama."

Mgonjwa alifungua macho. Alinitazama. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, nawaapia, ili jambo litoke nje na mimi nipigwe nalo.

"Ndiye huyu," akasema kwa sauti iliyokauka. "Mama wa mtungi."

Akafumba macho. Jumamosi alfajiri alifariki. Daktari alisema figo zilikuwa zimeshindwa.

Msibani nilikaa nyuma, sikuwahi kukaa nyuma maisha yangu. Kwenye mashine ya kusaga hakuna aliyenitaja, na hakuna aliyenitazama kwanza tena.

Barua ya mgodi ilikuja. Ililetwa na gari lililofungwa vioo, akashuka mtu, akaibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi, akaingia ndani ya gari lake lenye baridi. Hakuhitaji saini yangu wala maji yangu. Ilikuwa ya kutuita mkutanoni tuelezwe mipaka, basi. Niliisoma nimesimama juu ya lile duara chini ya upenu, nikalia kama mtoto.

Baada ya arobaini nilipiga moyo konde, nikavuka mbuga kwa miguu kwenda nyumbani kwake. Nilikwenda mchana, makusudi. Mjane alikuwa nje, anachagua mchele kwenye ungo. Alinipa kigoda, akaanza kunishukuru tena, nikamwambia nyamaza kwanza dada yangu, unisikie. Nikamweleza yote. Foleni ya mashine, makofi, milango. Nikamweleza alivyoomba. Sikusema nilikuwa na hofu, ingawa nilikuwa nayo, kwa sababu hofu yangu haikuizidi kiu ya marehemu.

Mkono wake ulisimama kwenye mchele.

"Mtungi ulikuwa ndani?" akauliza.

"Ndani."

"Ukiwa na maji?"

"Ulikuwa umejaa."

Aliweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani, akausukuma mlango. Mimi nikabaki juani. Koo lilikuwa limenikauka mpaka mate hayamezeki, na sikuthubutu kusogea kivulini kwake. Nilijua maana ya mlango ule. Nani angeijua kuliko mimi? Nikaanza kujifunga khanga niondoke.

Mlango ukafunguka. Alitoka na kata imejaa, maji yanamwagikia vidole, macho mekundu. Hakunipa kwa mikono miwili kama tunavyopeana kwetu. Alininyooshea kwa mmoja.

"Kunywa," akasema. "Hapa kwangu mtu haondoki na kiu. Kunywa, halafu uende."

Nikapiga magoti, nikanywa yote. Kisha nikaenda.