Siku Niliyoikaanga Kompyuta kwa Mafuta ya Bi Tausi

Ukifika Kibiti ukamwulizia Shamte anayepiga video za harusi, wapo watakaokuuliza, "Yule aliyekaanga kompyuta?" na hapo usibishane nao, sema ndiye huyo huyo, kwa sababu ni mimi, na niliikaanga kweli, kwa mafuta ya nazi, mbele ya ukoo mzima na wakwe, siku ya harusi ya mdogo wangu. Nimekaa na aibu hii mwaka mzima nikidhani itapoa yenyewe, haikupoa, basi leo naisimulia kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa wanaotia chumvi (kuna mmoja anasema turubai liliwaka moto, turubai halikuwaka).

Mdogo wangu anaitwa Zuhura. Tumezaliwa tumbo moja, ila yeye alilelewa na bibi yetu, Bibi Hadija, kule Kiongoroni, mwisho kabisa wa delta, mto unapoingia baharini, tangu ananyonya hadi alipokuja Kibiti kusoma sekondari. Sasa harusi ikapangwa kwetu Kibiti, na Bibi miguu imeshakataa, kumpakia kwenye boti hadi bandari ya Nyamisati halafu kumpandisha gari mpaka mjini ni kumtesa bure. Na kwetu binti hatoki nyumbani bila kupewa radhi na aliyemlea. Zuhura akaniambia wazi, "Kaka, mimi mlango ule sitoki bila kumsikia Bibi." Kupiga simu Kiongoroni mnajua wenyewe, mtandao unaupata ukisimama mahali pamoja tu nyuma ya nyumba ya mwalimu, na ukigeuza shingo umekata. Nikasema niachieni mimi, nitakwenda kumrekodi Bibi akitoa radhi, nitaitengeneza, tutaionesha kwenye runinga kubwa baada ya swala ya Alasiri, bibi harusi asikie na watu wote wasikie, ndipo atoke.

Nikaenda, nikarekodi kwa simu, nikarudi. Mpaka hapo sijaharibu kitu.

Kuharibu kulianza na kimbelembele. Mjomba Kassimu, kaka yake mama, ndiye aliyepewa kipaza sauti cha siku hiyo, akanipitia siku mbili kabla kuuliza kama ile video ya Bibi itakuwa tayari, na mimi badala ya kujibu ndiyo nikanyamaza, nikajibu, "Mjomba, si Bibi tu, nitaichanganya na ndoa yenyewe ya asubuhi, watu washuhudie ndoa saa nne na saa kumi wajione kwenye runinga." Mjomba akafurahi mno, akaenda kutangaza mtaa mzima, na mimi nikabaki nimekaa nikiitazama kompyuta yangu.

Kompyuta yenyewe niwaambie ilivyo. Ni ya mtumba, ilitolewa kwenye ofisi fulani Dar, na mazabodi yake, lile bao la ndani linalobeba kila kitu, ni ile ya bei ya chini kabisa, ambayo walioitengeneza waliifunga usiweze kuongeza mwendo wa prosesa, yaani ubongo wake, hata ukiibembeleza vipi. Video ya dakika kumi ilikuwa ikichukua saa tano kuiva, yaani kuunganishwa iwe faili moja. Piga hesabu mwenyewe: ndoa saa nne, kukata na kuunga mpaka saa saba, ongeza saa tano, tayari watu wameshakwenda kuswali Magharibi. Mtu mwenye akili timamu angeacha picha za ndoa, akamweka Bibi peke yake, akatulia. Mimi nikaingia mtandaoni kutafuta namna ya kuilazimisha mazabodi.

Na nikaipata, ndiyo shida ya mtandao. Kuna jamaa anaonesha kwamba chini ya prosesa kuna vidoti vidogo vya shaba, ukiunganisha viwili vinavyotakiwa kwa kipande cha foili, mazabodi inadanganyika, inadhani imewekewa prosesa kubwa zaidi, inaikimbiza. Halafu kuna kidude kimoja pembeni, kidogo kuliko punje ya ufuta, ukikipaka penseli umeme unaongezeka ili prosesa isichoke. Foili nikaitoa kwenye pakiti ya biskuti. Penseli nilikuwa nayo. Ijumaa mchana nikajifungia ndani, nikaifungua, nikaweka foili, nikapaka penseli, nikafika mahali pa kurudisha feni nikakwama.

Kati ya prosesa na kile chuma cha feni inakaa krimu nyeupe, ndiyo inayopitisha joto. Ya kwangu ilikuwa imekauka imekuwa unga, na Kibiti nzima hakuna anayeiuza, mpaka uagize Dar. Nikawaza. Kitu gani hapa kwetu ni laini, kinateleza, hakikauki upesi? Nikatoka uani, ambako Bi Tausi alikuwa ameshaanza maandalizi.

Bi Tausi ni mpishi wa shughuli. Mwembamba, mfupi, haongei sana, ila ukisikia yeye ndiye anayepika basi hata wasioalikwa wanakuja. Mafuta yake ya nazi anakamua mwenyewe na huwa hampi mtu. Nikamwamkia, nikamwomba kidogo kwenye kikombe cha kahawa.

"Ya nini?"

"Ya kupaka, mama."

Akaniangalia magoti, nadhani akaona yamepauka kweli, akanimiminia. Sikusema uongo, nilipaka.

Nikaiwasha. Jamani, ile kompyuta ilipanda. Nilijaribu video ndogo ambayo zamani ingechukua nusu saa, ikamaliza dakika kumi na moja. Nikasimama peke yangu chumbani nikajipigia makofi. Nilijiona mhandisi, nikaanza hadi kufikiria nitafungua ofisi, bango nitaandika nini, na watu watanialika mpaka Mafia (haya yote kwa foili ya biskuti).

Jumamosi ndoa ikafungwa salama. Nikakata na kuunga mbio mbio, saa nane na nusu nikaiweka ichemke pale pale uwanjani, mezani chini ya turubai, kando ya runinga. Na kwa kuwa sifa zilikuwa zimenijaa kichwani, nikaiunganisha na runinga mapema, ili watu waone namba zikipanda, asilimia ishirini, asilimia arobaini, na pembeni kidirisha cha video inavyoiva. Watu walivutiwa kweli. Wazee waliotoka kuswali Alasiri wakakaa wanahesabu, "Sitini na mbili hiyo, sitini na tatu."

Ilipofika sabini nikasikia harufu. Si mbaya, harufu nzuri tu, kama mtu anakaanga maandazi. Nikajiambia ni jikoni. Ilipofika themanini harufu ikawa ya kitu kilichosahaulika motoni, na si mimi peke yangu niliyeisikia, watu wakaanza kugeuza vichwa kuelekea uani. Mjomba Kassimu akaona ni busara kutumia kipaza sauti.

"Jikoni huko, angalieni, wali wa nazi unaungua."

Bi Tausi akatokea pale kwenye pembe ya nyumba, mwiko mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Wali wangu hauungui," na macho yake yakazunguka kwa watu wote mmoja mmoja, na upande wa wakwe nikaona wamama wawili wanaminyana.

Hapo ndipo pangu pabaya, na ndipo ninapopaonea haya kuliko pengine pote. Kwa sababu mimi nilishajua. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye kompyuta, joto lake nalisikia kwenye mkono. Ningesema neno moja yangeisha. Lakini nilimwona baba mkwe wa Zuhura ananitazama, nikaona video inakwenda themanini na nane, nikasema moyoni Ya Rabi ifike tu, na mdomo ukafunguka wenyewe ukasema, "Labda sufuria ya pili, Bi Tausi, ile ya mwisho." Mwanaume mzima, nimevaa kanzu mpya, namsingizia mama wa watu sufuria.

Wakaenda wamama wanne kufunua sufuria moja moja. Bi Tausi hakwenda nao. Alibaki amesimama pale pale, uso umemwiva, na mwiko umeshuka pembeni, na sijawahi kumwona akiwa hivyo.

Asilimia tisini na sita, namba zikasimama. Kwenye kidirisha Bibi Hadija akaganda mdomo wazi, jicho moja limefumba. Watu wakasubiri. Kisha kukatoka moshi mwembamba nyuma ya boksi la kompyuta, kikasikika kitu kidogo kikisema tak, na runinga nzima ikawa nyeusi.

Wale wamama wakarudi wakasema sufuria zote ni salama, wali mweupe. Bi Tausi akaanza kutembea. Alifuata pua yake taratibu, akawapita wazee, akampita Mjomba, akafika mezani kwangu, akachungulia ndani ya boksi ambalo nilikuwa nimeliacha wazi lipate upepo. Akaingiza kidole pembeni, palipochuruzika, akakitoa kinang'aa, akakinusa.

"Shamte," akasema, na bahati yangu mbaya Mjomba alikuwa amesogea na kipaza sauti kikiwa wazi, "haya si mafuta niliyokupa jana?"

Uwanja mzima ukasikia. Kuna mtu nyuma akauliza, "Kampa mafuta kompyuta?" Na hapo sasa kicheko kikaanza kama mvua inavyoanza kwenye mabati, matone mawili matatu kisha hakuna anayemsikia mwenzake. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilitamani kupita chini ya meza nitokee kijijini Ruaruke.

Kilichonizuia ni Zuhura. Alitokea mlango wa uani amejifunika, somo wake anamshika mkono kumrudisha na yeye anakataa, akaja hadi mezani. Hakuwa anacheka. Akauliza, "Kaka, Bibi yuko wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya prosesa na vidoti na umeme, na yote hayakumhusu. Mdogo wangu alitaka radhi ya aliyemlea, basi, na mimi nilikuwa nimeichoma nikitafuta sifa. Machozi yalinijaa, naye aliona.

"Ulimrekodi na nini?" akauliza.

"Na simu."

"Simu iko wapi?"

"Mfukoni."

"Umeifuta?"

Nikasema sijaifuta, ila ile ni mbichi, haijakatwa, Bibi anakohoa mle, na kuku wanapita. Zuhura akaninyooshea mkono tu.

Kabla sijampa, nikamwomba Mjomba kipaza sauti. Nikasema mafuta ni yangu, ujinga ni wangu, wali wa Bi Tausi haujaungua leo wala siku yoyote, na neno nililomsingizia nilisema kwa woga, anisamehe. Bi Tausi akasema, "Nimesikia. Sufuria utaziosha wewe." Kisha akanipokonya kipaza sauti, akakishikilia yeye mwenyewe mbele ya simu, mkono umenyooka, na akawaambia watu wanyamaze. Wakanyamaza.

Nikampa Zuhura simu, akaibonyeza, ikaanza na Bibi akiuliza, "Imeshawaka hiyo?" Akakohoa. Jogoo akawika. Halafu ikaja ile sauti yake ya taratibu. "Zuhura, mwanangu. Nimekulea kwa mikono hii, hukunikosea, na ulipokosea nilisamehe kabla hujaomba. Radhi yangu unayo, nenda nayo. Ukifika kwa mumeo ule ushibe, usione haya kwenye chakula cha watu, najua tabia yako." Zuhura akawa analia na kucheka pamoja, na wamama wa upande wa bwana harusi nao wanajifuta kwa kanga, na yule baba mkwe akainamisha kichwa.

Nikanyoosha mkono kuizima, maana nilijua kinachofuata, nilikuwa nimekikata kwenye ile iliyoungua. Bi Tausi akanipiga kofi mkononi. Bibi akaendelea.

"Na wewe Shamte, mbona watazama saa? Una haraka ya nini? Huyu, watu wangu, mama yake alimzaa ndani ya boti. Nyamisati inaonekana ile pale, nusu saa tu, hakuweza kungoja."

Sitaeleza kicheko cha safari ile. Mjomba Kassimu alikaa chini. Lakini Zuhura alinishika bega, akasema "Ahsante, kaka," akarudi ndani kuomba radhi kwa mama na baba, na akatoka mlango ule uso umekunjuka, na mimi nilibaki kuosha sufuria kumi na moja, kanzu mpya nimeikunja hadi magotini.

Mazabodi ilikufa kabisa. Nimeigongomelea ukutani kwenye chumba changu cha kazi, doa la mafuta na penseli vinaonekana bado. Kompyuta niliyonayo sasa ni ya polepole vile vile, nikiiweka inachukua saa zake na mimi nakwenda kunywa chai, na naapa hapa mbele yenu sitamdanganya tena mtu wala mashine ili nionekane mjanja. Kazi haijapungua, nashukuru. Watu wanakuja wanasema, "Tunataka kama ile ya bibi yenu, usikate kitu."

Mwezi uliopita nikiwa mlangoni nikamwona Bi Tausi anakuja. Kila akipita huwa anasimama ananusa kidogo kisha anaondoka zake, basi nikajua ndiyo hayo. Siku hiyo aliingia, akakaa. Akaniambia ana mama yake Ruaruke, mzee sana, anataka sauti yake ibaki.

"Una haraka leo?" akauliza.

Nikamwambia sina.

"Kachukue simu. Hiyo kompyuta iache."