Trekta la Eufimia

Walokole wa kijiji chetu hapa Moldova walikuwa saba, mmoja wao kiziwi. Tuliwacheka sana. Kila nyumba ina pipa la mvinyo, halafu wao harusini wanakunywa maji ya matunda!

Lakini zamani, kila majira ya baridi tulikuwa tunazika mlevi aliyeganda mtaroni. Eufimia, mlokole na dereva wa trekta, akachoka na mazishi. Kila harusi ikiisha, wenzake sita walituzoa kama viazi, wakatutupa kwenye tela, naye akatufikisha kila mtu mlangoni kwake, huku wakituimbia tenzi.

“Shangazi, afadhali nigande kuliko huo wimbo!” nilimwambia siku moja.

“Nyamaza, Grigore. Ubeti wa tatu ndio mtamu.”

Miaka ishirini hakuganda mtu. Mwaka jana Eufimia akafa. Tukamzika kwa tenzi zake zote, bila kitabu, tukiongozwa na padri wetu, naye abiria wa tela lilelile.

Siku hizi tunapokezana usukani. Jumamosi anaoa mwenye duka, mvinyo mapipa matatu, na zamu ya kutokunywa ni yangu. Mungu amlaze pema Eufimia, lakini amenikomoa.