Simu Zote kwa Laini Moja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bibi arusi ambaye hata mwaka sijamaliza kwa boma la mume, moto ulipozimika kwa nyumba zetu zote. Tulikuwa Bahati, upande wa Nakuru, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla baba zetu hawajagawana vipande. Mvua ya huko unaijua: hainyeshi, inakaa. Kila mke alikuwa na mafiga yake, na moto wako ukikufia unaenda kwa mwenzako na kigae, unaomba kaa. Hakuna aibu hapo. Kuomba moto kulikuwa salamu.

Basi kuni zikawa mbichi, tena chache. Mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, yeye alikuwa amesoma kutushinda sisi wote, akasema tunajitesa bure. Tuwashe moto mmoja mkubwa jikoni kwake, tupike kwa zamu. Tukaona ni akili. Na kweli kulikuwa na raha, tunacheka pamoja, moshi ni mmoja. Kisha paa likavuja juu ya mafiga, moto ukafa. Kiberiti nacho kilikuwa kimelowa. Kulikuwa na mtoto mgonjwa wa kifua kwa ile nyumba, akaanza kutetemeka mikononi mwetu, na sisi wanawake wazima tunaangaliana.

Mama mkwe aliporudi kutoka Njoro, alikokuwa amekwenda kumwona binti yake, hakupiga kelele. Alilishika lile jivu akalichuja kwa vidole.

"Mmeunganisha moto," akasema, "sasa mmeunganisha na baridi."

Akajifunga leso, akashuka na matope mpaka boma la mbali kutuletea kaa. Yule mtoto aliishi. Ndiyo maana tulisahau haraka.

Sasa sikia ya juzi. Mimi shule niliiacha ningali natoa kamasi, lakini nimezaa meneja. Mwangi, kifungua mimba wangu, anasimamia ofisi ya hospitali moja ndogo huko Naivasha, jina lake niliache. Nilikuwa nikimsifu kanisani mpaka wenzangu wanainuka kwenda msalani. Aliikuta hospitali na laini nyingi za simu: ya ofisi, ya chumba cha dawa, ya wodi ya akina mama, ya dereva wa ambulensi. Kila moja na nambari yake na waya wake, nyingine zikipita barabara ya juu, nyingine nyuma ya soko. Ukipiga ile ya akina mama, anashika muuguzi mwenyewe.

Mwangi akasema huo ni ushamba. Mafundi wakaja na kijisanduku chenye taa za kijani, wakazikusanya laini zote zikaingia kwa waya mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Nambari nayo ikawa moja. Ukipiga, msichana wa mashine anakukaribisha: bonyeza moja, bonyeza mbili. Bili ikashuka, wakubwa wakapiga makofi. Mwangi akaongeza amri yake mwenyewe, kwamba wauguzi na dereva wafungie simu zao za mkononi kwa droo wakiwa kazini, watu wote wapitie nambari ya hospitali. Aliponieleza alijaa furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Ati mama, sasa kila kitu kiko mahali pamoja. Wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini nani atamweleza meneja habari ya mbachao?

Kitinda mimba wangu ni Kariuki, na mke wake ni Wairimu. Wanakaa Kihoto, huko huko Naivasha, na Kihoto ziwa likipanda linaingia nyumbani bila hodi. Kariuki alikuwa safarini na lori, nami nikawa nimekuja kukaa na Wairimu maana mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika. Uchungu ukamshika mchana, mvua inamwagika, maji yako kizingitini. Boda boda hakuna aliyekubali kuingia mle. Nikapiga ile nambari moja. Kimya. Hata yule msichana wa mashine hayuko. Nikapiga tena, ikawa mteja hapatikani. Nikampigia Mwangi, yuko mkutanoni Nakuru. Akaniambia nitulie, atawapata yeye. Aliponirudia, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama, hata mimi haishiki."

"Kwani si wewe ndiye mwenye hizo simu?"

Tulikuja kujua baadaye kwamba mti uliangukia nguzo, ule waya ukakatika, na ofisi, dawa, akina mama na ambulensi vikafa pamoja. Simu za wauguzi na ya dereva, ambazo Mwangi alikuwa akizipiga, zilikuwa zinalia ndani ya droo.

Vijana wa ploti waling'oa mlango wakambeba Wairimu juu yake, maji yakiwafika kiunoni. Mmoja akamtania ati leo anabebwa kama mbunge aliyeshinda. Alicheka, mwanangu. Alicheka, halafu uchungu ukamkatiza. Kwa lami tukasimamisha kenta, kale kalori kadogo, iliyobeba vitunguu, dereva akatutolea magunia bila kuuliza neno.

Tulipoingia kwa geti la hospitali, ambulensi ilikuwa imeegeshwa pale, imeoshwa na mvua ikang'aa. Dereva wake alikuwa ndani anakunywa chai. Aliruka chini kutusaidia, hana ubaya yule mtu, akaniambia, "Pole, mathe. Mngepiga tu. Leo simu zimetulia, hakuna aliyetusumbua."

Mtoto alizaliwa hana sauti. Msichana, nywele nyingi. Kwa desturi yetu angechukua jina langu. Watu husema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu hakuja. Yalikuja majuto peke yake.

Tangu hapo Kariuki hashiki simu ya kaka yake. Mwangi huja kwangu, akae, chai ipoe mbele yake, aondoke. Nguzo mpya imesimamishwa, waya ni mmoja vile vile. Nilimuuliza mbona hata sasa hawajaacha laini moja kando. Akasema wakubwa wanaona ni gharama ya bure. Alisema akiangalia viatu vyake.

Nasaha yangu ni hii, ingawa sina hakika kuna anayesikia. Ukipewa kazi ya kukusanya vya wengi viwe kimoja, kusanya, sikukatazi. Lakini kabla fundi hajafunga mkoba wake, muulize swali la kijinga: hii ikikatika, mtu mwenye shida atapiga wapi? Akicheka mwache acheke, usimwachilie mpaka ajibu. Laini moja iache pembeni na njia yake, hata ikikaa mwaka mzima bila kulia, na mtu wa kuishika awepo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hasara ya laini isiyotumika utaieleza mbele ya wakubwa ukemewe, urudi nyumbani ulale. Ile nyingine haielezeki. Na ukiwa umeshakosa kama Mwangi alivyokosa, mpigie ndugu yako. Asiposhika, piga tena.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe nyumba kavu, akupe watoto wanaolia. Na siku utakapoita kwa shida, akujalie mtu wa kukuitikia, akwambie niko njiani, na awe njiani kweli.