Ratiba Iliyogoma Kufutika Kansay

Jamani, hii aibu nilikuwa nimeapa kufa nayo, lakini kwa kuwa Kansay nzima wanaijua na watu wa Ganako wameshaanza kuitia chumvi, bora mnisikie mwenyewe.

Nilitengeneza, kwa sifa zangu tu (hakuna aliyeniomba), programu ya simu ya kuonyesha ratiba ya send-off ya dada yake Mage, na Mage ndiye niliyekuwa nampenda, ila baba yake, Mzee Tluway, alikuwa hajawahi kunikaribisha hata kiti. Kwao mtandao unakuja na kuondoka, basi nikaweka kile mafundi tunachokiita service worker, kazi yake kuhifadhi kurasa ndani ya simu zifunguke hata bila mtandao, nikakiamuru kitoe kilichohifadhiwa bila kuuliza mtandaoni. Kwa kujaribia niliandika kwenye ratiba utani wa kumchekesha Mage, halafu kiherehere kikanipanda, nikatuma linki kwenye grupu la kamati kabla sijaufuta.

Baada ya dakika kumi nikaweka ratiba ya kweli, ila namba ya toleo, ile inayoziambia simu kuna kipya, sikubadilisha, kwa hiyo simu zao zikaendelea kushikilia ile ya zamani. Kwenye laptop yangu ilionekana safi (nilikuwa nimeizuia isihifadhi kitu, mjanja mimi!), na wanakamati walisifia picha ya bibi harusi ukurasa wa mbele, wakafunga.

Siku yenyewe MC, mtu anayesoma kila kitu kama tangazo la msiba, akafungua simu yake.

"Saa nane, baba mzazi atalia dakika tano, kisha ataelekea kwenye pilau."

Nikampungia mikono anyamaze, akadhani namshangilia, akaongeza sauti: "Saa tisa, fundi wa kompyuta atakabidhiwa binti wa pili, bila mahari!"

Watu walipasuka! Vigelegele, Mage kajifunika khanga usoni, mimi nimechuchumaa nyuma ya masufuria, na Mzee Tluway huyo anainuka, anachukua kipaza sauti.

"Dakika tano hazinitoshi," akasema, na kweli machozi yakamtoka huku anacheka. "Fundi yuko wapi?"

"Shikamoo baba," nikaitika kutoka kwenye masufuria.

"Marahaba. Lete wazee wako tuongee. Ila hiyo 'bila mahari' ifute sasa hivi, kwenye kila simu."

Na mtandao hakuna! Nikazunguka meza kwa meza, simu kwa simu, nafuta kwa mkono, wananicheka usoni na mimi nacheka kama kichaa, maana nimeambiwa nilete wazee!

Tangu hapo situmi linki kabla sijabadilisha namba ya toleo, na utani naandika kwenye karatasi. Simu moja tu ilinipita, ya mama yake Mage, naye alikuwa kwenye grupu la kamati; aliificha kwenye pochi na haikuwekwa bando la intaneti tangu siku ile, kwa hiyo ratiba ya zamani ilibaki humo. Wazee wangu walipokwenda kujadili mahari aliitoa, akasoma ile ya saa tisa kwa sauti, akamtazama mumewe.

Mzee akanigeukia. "Nilisema kila simu."