Kuku Mweupe wa Kidato cha Kwanza

Mpaka leo nikiandika Kiingereza, kabla sijaweka "the" lazima kwanza nimuone kuku. Nipo dukani kwangu hapa Kashaulili, nachapa kazi za watu kwenye kompyuta, nafika kwenye hicho kineno naanza kutabasamu peke yangu. Wateja wanadhani nawacheka wao.

Nilipoingia kidato cha kwanza, jamani, nilikuwa sijui kitu. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, halafu ghafla hata mizizi na majani yakageuka Kiingereza. Na kilichonitesa kuliko vyote ni hivi vidude, "a" na "the". Nyumba ni nyumba, sasa unaitangulizia nini? Nilivichukia kwa moyo wangu wote.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgeni, kijana kutoka Tanga. Alikuwa anasema "nyinyi" pale sisi tunaposema "nyie", na Kiswahili chake kitamu hicho kilitufanya tucheke mpaka tunainama. Siku moja akataka kila mtu ataje kitu alichonacho nyumbani. Mimi nikataja kuku. Akaandika ubaoni: "I have a hen. The hen is white." Akasema mara ya kwanza ni kuku tu, anaweza kuwa yeyote. Ukishamtaja, tunamjua, ni yule yule, huwezi kutuletea mwingine.

Hapo nikaelewa, tena palepale, maana kuku wangu kweli hakuwa na mbadala. Mama alimtoa bandani kwake kijijini Litapunga siku niliyokuja mjini kukaa na bibi, pale Nsemulwa, ili nisome. Nilimpakata njia nzima. Nikimkumbuka mama, nilikuwa naenda kummwagia pumba na kukaa naye. Basi muhula mzima yule kuku akawa wa darasa: alitaga ubaoni, akapotea ubaoni, akapatikana. Watoto wa madarasa mengine walikuwa wananisalimia, "The hen hajambo?"

Jumapili moja mwalimu akaja nyumbani. Alikuja kumwambia bibi kwamba nina kichwa, ila Kiingereza kinanivuta nyuma, kwa hiyo Jumamosi niwe nakwenda kwake nifundishwe na wenzangu wawili, bure. Bibi alifurahi mpaka akapiga kigelegele. Na kwetu mgeni wa heri haondoki mikono mitupu. Nikamwona bibi anainuka, anapita majogoo, anapita yule mwekundu, anamkamata mweupe wangu. Mgeni hapewi kuku wa kuokoteza! Akamfunga miguu, akamkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. Mimi nilisimama kama nimepigwa na radi. Mwalimu akaniangalia, akamwangalia kuku. Alimjua vizuri kuliko mtu yeyote.

Akampokea. Lakini kesho yake jioni, baada ya masomo, akaniita nyumbani kwake, akanirudishia. "Huyu ni wako," alisema. "Mwambie bibi nimeshukuru sana."

Nilikimbia naye hadi nyumbani, furaha tele. Bibi alikuwa anatwanga. Mchi ukabaki juu.

"Amemrudisha?"

"Ndiyo bibi, amesema ameshukuru."

"Ameshukuru nini? Kuku wa zawadi harudi! Kumbe ametuona wachawi, kaogopa kula chetu." "Jumamosi huendi kokote, mke mwenzangu. Hatujipendekezi kwa mtu anayetukataa."

Yule mtu wa pwani masikini hakujua. Alidhani ananihurumia mimi, kumbe kamtukana bibi yangu. Wiki nzima bibi hakuimba akitwanga. Na mimi nikikaa na kuku wangu, badala ya kumfikiria mama, nawafikiria wenzangu wawili watakaokwenda Jumamosi na mimi nimebaki. Nilimkasirikia mwalimu, nikamkasirikia bibi, nikamkasirikia mpaka kuku.

Jumamosi asubuhi nikamkamata mwenyewe. "Bibi, nampeleka," nikasema. Akaingia ndani, akatoka na kamba. "Mfunge vizuri," alisema. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Mlango ulifunguliwa na mke wa mwalimu, mwanamke wa huku huku kwetu, aliyekuwa amerudi jana yake tu kutoka msibani. Nikampa mwalimu kuku kwa mikono miwili kama bibi. "Mwalimu, huyu harudi," nikasema. Kabla hajajibu, mkewe akashika kichwa. "We baba! Ulimrudishia bibi wa watu kuku? Ungeniuliza!" Mwalimu akabaki anaomba radhi, kwangu, kwa mkewe, nadhani hata kwa kuku. Mama yule hakupoteza muda. Akamchukua akaenda naye nyuma, na tulipoanza somo nikasikia maji yanamwagwa kwenye beseni. Siku hiyo mwalimu alitoa mifano ya mbuzi.

Nilipoondoka mke wa mwalimu alinipa hotpoti nimpelekee bibi. Bibi akafunua. Juu ya nyama zote ilikuwa imewekwa firigisi, nzima. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Miaka yote ya ujane wake bibi alikuwa akichinja anampelekea shemeji yake, yeye mwenyewe hakuwahi kuiweka mdomoni. Aliitazama, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akasema, "Mwalimu huyu sasa ni mwanangu." Kisha akaichana katikati, akanipa nusu.

"Kula. Ni wako huyu."

Nikatafuna huku nalia, maana ilikuwa tamu.