Vijiti Sita Masikioni

Mwanangu alikuwa na miezi mitano mgongoni siku niliyotaka kumpiga mwalimu wa watu. Nasema kweli. Nilimaliza sekondari, nikaolewa, nikarudi Kisarawe, na katika masomo yote hayo hakuna aliyenifundisha kunyamaza.

Mdogo wangu alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule ya wasichana. Wageni walikuja kwa lori kutoka Ruvu, wakiimba tangu barabarani. Sisi tulikuwa na wachezaji saba tu, maana wa nane alilala na homa. Kwa kanuni za mashindano yale, akitolewa mmoja, ushindi unakwenda Ruvu bure.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa kike wa hao hao wageni. Akawapanga wasichana wetu mstari, filimbi shingoni, akakagua mapambo: vidole, shingo, mikono. Kwa mdogo wangu akasimama.

"Hivi nini?"

"Vijiti vya chelewa, Mwalimu."

Siku nne nyuma bibi yetu alikuwa amemtoboa kwa mwiba wa mlimau, matundu matatu kila sikio, akamchomeka vijiti vya ufagio ili yasizibe. Kwetu ndivyo kila msichana anavyotogwa. Ukivitoa mapema, nyama inajifumba, unaanza upya na mwiba.

"Vitoe, au utoke wewe."

Wageni wakaangua kicheko. "Anafagia masikio huyo!"

Nikaingia uwanjani na mtoto wangu mgongoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nani anajipamba kwa ufagio?"

"Kanuni inasema kisiwepo kitu sikioni, bibie. Mpira ukimpiga hapo utakuja kunililia mimi."

"Basi kagua na wako! Hao wanaocheka, vitambaa vya kichwa wamevishusha mpaka masikioni kwa nini?"

Kicheko kikakatika. Akafunua kitambaa cha kwanza: vijiti vinne. Cha pili: viwili. Wa tatu akaanza kulia kabla hajaguswa. Akina mama pembeni walipiga vigelegele kama harusini.

"Wote toeni," akasema mwalimu, uso umemwiva.

Mdogo wangu akavuta kimoja kimoja, machozi yanamtoka, akaniwekea kiganjani. "Dada, mapumziko unirudishie. Usipoteze hata kimoja!"

Alicheza kama aliyemwagiwa upupu. Kila akirusha, mpira ndani. Mapumziko yalipofika nikamkimbilia na mafuta ya nazi niliyoomba kwa jirani. Kijiti cha kwanza kikaingia, cha pili kikagoma. Nikakisukuma kwa nguvu.

"Lete huku," mwalimu akasema nyuma yangu. "Kwa hasira hizo utamtoboa shingo."

Akachuchumaa, akapaka mafuta, akazungusha taratibu. Vyote sita vikaingia.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Mimi nimelelewa na nani, Mzungu?"

Akawachomeka na wasichana wake, mmoja baada ya mwingine, filimbi ameing'ata. Nikaanza kumpenda. Kisha akasimama, akakung'uta magoti, akapuliza.

"Haya, kipindi cha pili. Toeni vyote!"

Uwanja mzima ukalipuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, huku namlaani mwanamke yule kimoyomoyo, na vijiti sita vikarudi kiganjani mwangu vikiteleza mafuta.

Tulishinda kwa bao moja. Tundu moja la sikio la kushoto liliziba, na bibi alipouliza ni nani aliyevitoa, mdogo wangu, mshindi, akaninyooshea kidole mimi.