Bitana za Boti ya Baba

Enzi zetu mtu akitaka kuharibu kitu, alikiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Hakungoja kufundishwa na video. Marehemu baba yangu, karani wa bandarini ambaye randa aliijua kwa jina tu, aliweza kuozesha boti nzima ya matembezi kwa kipaji chake, tena kwa kujiamini kabisa.

Tulikuwa watoto wa Mkunazini. Tukitoka skuli tunakwenda chuoni kusoma Kurani, tukirudi tunacheza nage mpaka sauti ya mama imwagike kutoka dirishani kama ndoo ya maji. Tulikula embe mbichi za kuchanja, kwa chumvi na pilipili, mpaka meno yanakufa ganzi. Mtoto wa leo ukimpa embe anatafuta pa kuifungulia.

Basi baba akanunua boti kuukuu kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mbele ilikuwa na kijichumba chenye vitanda viwili vyembamba, na mbao za kuta zake zililiwa na chumvi hata ukizigusa zinamomonyoka kama keki. Baba akatangaza kwamba kila Jumapili tutakwenda visiwani kutembea, kama watu wa maana. Mama, ambaye alikuwa na pumu tangu usichana wake, aliizunguka ile boti akasema, "Haya, nshaletewa mke mwenza."

Baba akaenda madukani Mlandege, akarudi na hadibodi, mbao nyembamba za unga wa mti, za kuzitilia kuta bitana. Muuza duka alimhakikishia kuwa ndizo wanazopigia dari.

"Darini kuna bahari?" mama akauliza.

Baba alizigongomea misumari zikabana kabisa na ubavu wa boti, kisha akazipaka rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka milango. "Tazameni! Kama chumba cha bwana harusi!" Sisi watoto tukapiga makofi. Tulikuwa na adabu, na tulikuwa tunajua kinachompata asiyepiga.

Masika ya kwanza tu zikavimba kama maandazi. Baba akasema mbao zinapumua, akaongeza rangi. Zikatoa madoa meusi, akaongeza rangi tena. Fundi wa aina hii siku hizi angekuwa na wafuasi wengi mtandaoni.

Jumapili moja tulikwenda kisiwani Changuu. Kurudi jua lilikuwa kali, mama akaingia ndani kupumzika na mlango ukarudishwa. Kidogo nikasikia anakohoa, kisha nikasikia kikohozi kimenyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha. Tulipomtoa nje midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na ameukamata ukingo wa boti kwa vidole vyote, anaivuta pumzi haiji. Kaka yangu Nassor akawa anampepea kwa kifuniko cha sufuria. Baba aliikamua mashine ya boti mpaka nikadhani itapasuka.

Hospitali walimtia dawa ya kuvuta, akapata nafuu. Baba alikuwa amekaa nje kwenye baraza, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kilipo. Mama alipotoka alimwambia, "Mie sipandi tena."

"Sawa," baba akasema.

Hatukuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

Kesho yake alikwenda na mtaimbo akazibomoa zote. Tulizigeuza. Kwa mbele buluu, kwa nyuma zimeota ukungu mweusi, mnene kama manyoya ya paka. Mama alikuwa amelala ameegemea hizo.

Tulidhani boti itauzwa. Lakini haikupita muda, nikarudi kutoka chuoni nikamkuta baba uani anapima plaiwudi. Mama akachungulia kutoka juu.

"Unafanya nini tena wewe?"

"Bitana za boti. Hizi nitazipaka gundi ya faiba, maji hayapiti."

"Na nyuma utazipaka?"

"Nyuma hakuonekani."

"Na haya mapafu yangu yanaonekana?"

Baba akaiweka penseli chini.

"Nyumba hii ya mawe nnakaa tangu uliponioa," mama akaendelea, "na kabati langu sijaligusisha ukuta hata siku moja, maana nguo zitaota ukungu. Wewe mbao unazigandamiza na ubavu wa boti. Unyevu upite wapi? Puani kwangu?"

Tangu siku hiyo mwenye kazi akawa mama. Harufu ya gundi hakuiweza, kwa hiyo alihamia kwa jirani wa ng'ambo ya uchochoro, akawa anatoa amri kwa dirishani. Tulipaka mbele, tulipaka nyuma, na kingo tukazirudia mpaka zikang'ara, kwa sababu ubao huanza kunywa maji kwa ukingoni. Kila tundu la skrubu lilitobolewa, likajazwa gundi, likatobolewa upya. Nyuma ya kila ubao tukaweka papi, vipande vyembamba vya mbao, ili pabaki nafasi, na juu na chini tukaacha matundu hewa ipite. Kaptura ya skuli ya Nassor ilimwagikiwa gundi ikakauka, ikawa inasimama yenyewe bila Nassor.

Kipande kimoja mama alikizamisha kwenye hodhi la kufulia, akakisahau makusudi. Alipokitoa alikifuta, akakikunja hakikunjiki, akakinusa. "Mh," akasema. Baba alifurahi kama aliyepandishwa cheo.

Hakumwomba apande. Jumapili alituchukua sisi tu, na tulipokuwa tunaisukuma boti majini tukamwona mama anakuja na kikapu chake. Aliingia ndani, akagonga ukuta, akanusa kona moja moja kama anayechagua samaki sokoni Darajani. Akajinyoosha kitandani, mlango ameuacha wazi. Kabla hatujafika mbali alikuwa amelala, kifua kinapanda na kushuka taratibu.

Baba akapunguza mashine. Tulikwenda polepole mpaka ngalawa zikatupita, na wavuvi wakatuuliza kama tumeharibikiwa. Baba akaweka kidole mdomoni, akawaonyesha mlango.

Sasa mwanangu ana boti yake ya kutembeza wageni. Kuta zake za ndani ni za plastiki, zimekuja kwenye maboksi kutoka ng'ambo, zikabandikwa asubuhi na mchana tayari watu wanapiga picha. "Mama, hizi haziozi maisha," akaniambia, kifua mbele, yeye ambaye msasa anauogopa kwa ajili ya kucha zake. Kweli, haziozi. Nilizinusa kona zote, hazina harufu ya kitu wala ya mtu.

Nikamwambia kwamba babu yake alizijenga zake mara mbili kwa ajili ya kifua cha mtu mmoja. Akatikisa kichwa kuitikia, kwa heshima zote. Kumbe alikuwa ameshavaa vile vidude vya kusikilizia muziki masikioni.